KwaZulu-Natal: mwenye kura nyingi yuko upinzani, na serikali imesimama kwa kiti kimoja

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile: "Huko Durban si chama cha Zuma kilishinda? Mbona hakitawali?" (Jacob Zuma ni rais wa zamani wa Afrika Kusini, na Durban ndio jiji kubwa la jimbo la KwaZulu-Natal.) Swali hilo nimelijibu mpaka nimechoka, maana si la dakika mbili. Leo nimekaa chini niliandike lote, ili mwenye kutaka kujua asome na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Nipo hapa tangu 2013. Sipigi kura, mimi ni mgeni wa kibali. Lakini uchaguzi wa jimbo hili unanigusa kuliko hata ule wa taifa, kwa sababu Julai 2021 nilikuwa hapa hapa. Zuma alipopelekwa gerezani kwa kuidharau mahakama, siku chache baadaye maduka yalivunjwa, maghala yalichomwa, na watu zaidi ya 350 walikufa KwaZulu-Natal na Gauteng. Usiku wa tatu tulilala mlangoni, wanaume wa jengo zima, kila mmoja na fimbo yake. Kwa hiyo nikisema matokeo ya Mei 2024 niliyafuatilia bila kulala, mnielewe.

Tuanze na mfumo, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Afrika Kusini ina majimbo tisa, na kila jimbo lina bunge lake. Tarehe 29 Mei 2024 mpiga kura alipewa karatasi tatu: mbili za Bunge la taifa, moja ya bunge la jimbo. Kwenye ile ya jimbo unachagua chama (au mgombea binafsi, kama yupo), humchagui waziri mkuu. Viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura, halafu wajumbe wanakaa na kumchagua waziri mkuu wa jimbo miongoni mwao. Si kama kwetu ambako mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, wala si kama Kenya ambako gavana anapigiwa kura moja kwa moja na wananchi. Hapa hakuna mwananchi hata mmoja aliyempigia kura waziri mkuu wa jimbo. Mkilishika hilo, mengine yote yatafunguka.

Bunge la KwaZulu-Natal lina viti 80, kwa hiyo anayetaka kutawala anahitaji 41. Chama cha uMkhonto weSizwe, yaani Mkuki wa Taifa, MK kwa kifupi, kilipata asilimia 45 na ushee ya kura, viti 37. Chama hicho kilisajiliwa Septemba 2023! Zuma akajitokeza hadharani kukipigia debe tarehe 16 Desemba mwaka huo, siku ile ile ambayo mwaka 1961 jeshi la siri la ANC, chama alichokiongoza Zuma mwenyewe kabla ya hapo, lenye jina hilo hilo lilianza kazi. ANC walikwenda mahakamani kulidai jina wakashindwa. Zuma mwenyewe akazuiwa na Mahakama ya Katiba kugombea ubunge siku tisa kabla ya kura, kwa sababu ya kile kifungo cha miezi 15, lakini sura yake ilibaki kwenye karatasi ya kura na watu waliitafuta hiyo sura.

IFP, chama alichokiasisi marehemu Mangosuthu Buthelezi, kilipata viti 15. ANC, iliyokuwa na viti 44 mwaka 2019, ilibaki na 14. Rudia kusoma hapo: 44 mpaka 14, katika jimbo ambalo mwaka 2014 liliwapa zaidi ya asilimia 64. DA, waliokuwa chama kikuu cha upinzani cha taifa, walibaki na 11 kama walivyokuwa. EFF, chama cha mrengo wa kushoto cha Julius Malema, wakashuka kutoka 8 hadi 2. Na NFP, chama kidogo kilichojitenga na IFP mwaka 2011, kikapata kiti kimoja.

Sasa jumlisheni. MK na EFF ni 39. IFP, ANC na DA ni 40. Hakuna upande wenye 41. Jimbo la watu zaidi ya milioni 12 likawa linamsubiri mtu mmoja.

Matokeo yalitangazwa Jumapili tarehe 2 Juni, na katiba inataka bunge jipya likutane ndani ya siku 14. MK walikuwa wanasema kura zimeibwa, wakaenda mpaka mahakamani kutaka Bunge la taifa lisikae. Walikataliwa. Zile siku 12 zilikuwa ndefu. Dukani kwangu wateja walinunua unga na mafuta ya kula kwa wingi kama waliokuwa wanajiandaa na jambo, na sikuwauliza.

Tarehe 14 Juni bunge likakaa Pietermaritzburg, makao makuu ya jimbo. NFP wakaenda na IFP. Thami Ntuli wa IFP akapata kura 41, mgombea wa MK akapata 39. Spika akatoka ANC, naibu wake DA. Siku chache baadaye likatangazwa baraza la mawaziri wa jimbo la watu kumi, na yule mjumbe pekee wa NFP, Mbali Shinga, akapewa ustawi wa jamii. Fedha akapewa DA, elimu na afya na uchukuzi wakachukua ANC.

Na mji ulilala salama. Hili ndilo ninalotaka lisipotee katikati ya takwimu. Watu walikasirika, waliimba, waliandamana, lakini hawakuchoma. Miaka mitatu tu nyuma tulikuwa tunalinda milango kwa fimbo.

Hoja yangu ni hii: MK hawakuibiwa serikali, hesabu ndiyo iliyowakatalia. Lakini serikali iliyopatikana kwa njia halali inaweza bado kuwa na deni kwa watu wengi ambao haikuwapata, na deni hilo bado halijalipwa. Karibuni.

---

Tabata Mwisho wa Lami

Naweka kambi hapa. Madini matupu.

---

Nyuki wa Pwani

Mkuu, umeandika vizuri ila umeupamba uonevu. Chama kimeanza kutoka sifuri, kwa miezi tisa kimepata karibu nusu ya kura za jimbo, zaidi ya mara mbili ya anayemfuata. Halafu waliokuwa wanatukanana majukwaani wanakutana usiku na kuunda serikali. Mpiga kura wa IFP kule vijijini aliambiwa ANC ndiyo iliyoharibu barabara na maji. Asubuhi anaamka, ANC ndiyo waziri wake. Nani alimuuliza? Mnaita hesabu, mimi naita kumfungia mlango mwenye nyumba.

---

Bibi Hesabu

Nyuki, ndugu yangu, tuweke hisia pembeni kidogo tuhesabu.

MK 37. Ongeza EFF 2, unapata 39. Ongeza na NFP 1, unapata 40. Bado hujafika 41. Maana yake MK hawakuwa na njia yoyote ya kuunda serikali bila kumpata mmoja wa wale watatu wakubwa: IFP, ANC au DA. Na kwenye ngazi ya taifa walikuwa wameshasema wazi kwamba hawafanyi kazi na ANC ya Rais Ramaphosa. Ukiingia sokoni na kusema hununui kwa huyu wala yule, usimlaumu mwenye mizani.

Na nataka niwaonyeshe jambo jingine kuhusu hicho kiti cha NFP, maana watu wanadhani ni cha kupewa. Mfumo wao unatafuta kwanza bei ya kiti kimoja: kura zote halali zinagawanywa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, yaani 81 kwa KwaZulu-Natal. Kwa asilimia, kiti kimoja ni kama 1.23. NFP walipata karibu nusu asilimia. Hawakufikia bei! Sasa walipataje? Kwa mabaki. Gawanya asilimia za vyama vikubwa kwa 1.23 uone: MK wanapata viti 36 kamili, IFP 14, ANC 13, DA 10, EFF 1. Jumla 74. Vinabaki viti sita, vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa. Vitano vinachukuliwa na hao hao watano, kimoja kila mmoja. Cha sita, cha mwisho kabisa katika bunge zima, kikaangukia NFP.

Yaani serikali ya jimbo la pili kwa wingi wa watu nchini humo inategemea kiti cha mwisho katika mgawo wa mabaki. Nimelifanyia kazi hesabu hilo mara tatu na bado linanishangaza.

---

Kisima cha Kale

Bibi Hesabu, shikamoo. Hapo umenifungua macho.

Mimi naomba niwarudishe nyuma, maana vijana wanaijadili 2024 kama vile jimbo hili lilizaliwa juzi. Miaka ya themanini mwishoni na tisini mwanzoni, wafuasi wa IFP na wa ANC waliuana katika vilima hivyo kwa maelfu. Kijiji kwa kijiji, basi kwa basi. Aprili 1994 IFP walikubali kuingia kwenye uchaguzi ikiwa imebaki wiki moja tu, karatasi za kura zimeshachapwa, ikabidi jina la chama na picha ya Buthelezi vibandikwe chini ya kila karatasi kwa kibandiko. Walishinda jimbo kwa viti 41 kati ya 81. Kiti kimoja cha ziada, wakati ule vilevile.

IFP wakatoa mawaziri wakuu wa jimbo mpaka 2004, ndipo ANC wakachukua, wakakaa miaka 20. Kwa hiyo Ntuli alipoapa Juni 2024, IFP walikuwa wanarudi kwenye kiti walichokiacha miongo miwili nyuma, safari hii wakisaidiwa na ANC. Mzee Buthelezi alifariki Septemba 2023, hakuliona.

Nyuki anauliza nani alimuuliza mpiga kura. Swali zuri. Lakini mimi niliyesikiliza redio mwaka 1992, nikiona hao wawili wanakaa meza moja kupanga bajeti ya hospitali, siwezi kuliita jambo baya.

---

Msafiri wa Kusini

Mzee Kisima, shikamoo yako kwa Bibi Hesabu naipokea kwa niaba yake, na wewe shikamoo.

Hilo ulilolisema nina ushuhuda wake. Jirani yangu ni mama mtu mzima wa Kizulu, sisi wote tunamwita Gogo, yaani bibi. Kaka yake aliuawa mwaka 1990, nyumba ya wazazi ikachomwa, familia ikakimbilia mjini. Siku ya kiapo nilikuwa kwake nimempelekea mkate. Runinga inaonyesha watu wa IFP na wa ANC wanapeana mikono. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Wangepeana mikono mapema, Bheki angekuwa amekaa hapo," akionyesha kiti nilichokalia.

Na Gogo alipigia MK. Nyuki, hilo ndilo linanifanya nikuelewe ingawa sikubaliani nawe. Hakumpigia Zuma kwa sababu ya kabila, kama magazeti yalivyopenda kuandika. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 huku. Mwanawe alipoteza nyumba, akawekwa kwenye makazi ya muda, miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Upande wa kaskazini, oThongathi, mtambo wa maji uliharibika na watu wakachota kwenye malori kwa miezi na miezi. Umeme nao ulikuwa unakatwa kwa zamu kila siku mwaka 2023. Mtu kama huyo ukimwambia "hesabu imekukatalia," unasema kweli, lakini yeye anasikia kwamba kura yake haina kazi.

---

Nyuki wa Pwani

Hapo tumekutana, mkuu. Hilo la kiti cha mwisho alilolisema Bibi Hesabu limenigusa pia, na nakubali kwamba bila mmoja wa wakubwa MK wasingefika. Narekebisha neno "uonevu." Sirekebishi neno "kufungiwa." Mbona hawakutafuta serikali ya vyama vyote, MK ndani? Asilimia 45 ungewapa hata nusu ya baraza.

---

Mwana wa Mahakama

Naomba kuchangia upande wa sheria, kwa kifupi.

Hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kumwita mwenye kura nyingi kwanza. Kuna nchi ambazo desturi ni hiyo, hapa haipo. Bunge la jimbo linapiga kura ya siri chini ya jaji, mwenye wingi anaapishwa.

Kuhusu kumtoa waziri mkuu, watu wanadhani yule wa NFP akihama tu serikali imeanguka. Hapana. Hoja ya kutokuwa na imani inahitaji wingi wa wajumbe wote, yaani 41, si wingi wa waliopo ukumbini. MK, EFF na NFP kwa pamoja ni 40. Wangehitaji mtu mwingine atoke upande wa pili. Lakini upande wa kupitisha bajeti na maamuzi ya kawaida mambo ni magumu zaidi kwa serikali, kwa sababu Spika hapigi kura ila zikilingana. Spika anatoka ANC, kwa hiyo katika kazi za kila siku serikali ina watu 40 dhidi ya 39. Mmoja akiugua, mmoja akichelewa njiani, wamebanwa. Akihama huyo wa NFP inakuwa 39 kwa 40, na hapo serikali itabaki madarakani bila uwezo wa kupitisha chochote. Hiyo ni hali mbaya kuliko kuanguka.

---

Tabata Mwisho wa Lami

Mwana wa Mahakama, sasa ile ya Desemba 2025 ilikuwaje? Nimeona video tu za watu wanasukumana, sikuelewa.

---

Msafiri wa Kusini

Nikujibu mimi, kwa kuwa niliifuatilia siku nzima.

MK walileta hoja ya kumwondoa Ntuli. Kabla yake NFP kama chama walikuwa wametangaza kujitoa kwenye muungano. Kwa hiyo macho yote yalikuwa kwa Shinga: atafuata chama chake au atabaki na serikali ambayo yeye ni waziri wake? MK walitaka kura iwe ya siri, haikuwa. Kikao kikavurugika, wajumbe wakavamia mbele, ikawa vurumai ambayo hakuna mzazi angependa mwanawe aione. Mwishowe kura ikapigwa, Shinga akabaki upande wa Ntuli, hoja ikashindwa.

Nimesikia watu wanamwita shujaa na wengine msaliti. Mimi namwonea huruma kwa dhati. Katiba nzuri haipaswi kumtwisha mtu mmoja jimbo zima, aulizwe kila asubuhi kama bado yupo. Na nilichokiona siku ile ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinamhesabu yeye, hakuna iliyokuwa inamhesabu Gogo.

Nyuki, kuhusu swali lako la MK kuingizwa ndani: ndiyo, ningependa. Si nusu ya baraza, ila uenyekiti wa kamati za bunge zinazokagua matumizi ya fedha. Mwenye viti 37 akikagua hesabu za maji na za barabara, mpiga kura wake anaona kazi ya kura yake hata kama hatawali. Upinzani mkubwa kiasi hicho ukibaki kazi yake ni kutafuta mtu mmoja wa kuhama, jimbo litaishi kwa hoja za kutokuwa na imani mpaka 2029.

Nao MK wana lao la kujibu. Tangu 2024 wamebadilisha viongozi mara ngapi? Floyd Shivambu alitoka EFF Agosti 2024, akawa katibu mkuu, Juni 2025 akaondolewa. Anayetaka kupewa jimbo aonyeshe kwanza kwamba nyumba yake inakalika.

---

Bibi Hesabu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Je, wanaweza kuvunja bunge na kurudi kwa wananchi? Kwa hali hii ya kuvutana mimi ningeona ndilo la haki.

---

Mwana wa Mahakama

Wanaweza, lakini si kabla ya miaka mitatu kupita tangu lichaguliwe. Maana yake baada ya Mei 2027. Na azimio la kulivunja linahitaji wingi wa wajumbe wote vilevile. Tunarudi kwenye ile 41.

---

Msafiri wa Kusini

Kabla ya hapo kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, unaopaswa kufanyika kati ya Novemba 2026 na Januari 2027. Hapo ndipo halmashauri ya jiji la eThekwini, ambayo ndiyo Durban yenyewe, itaamuliwa, na maji ni kazi ya halmashauri, si ya bunge la Pietermaritzburg. Gogo ameniambia atapiga kura tena. Chama hakunitajia, nami sikuuliza. Alichoniambia ni kwamba safari hii anataka kwanza aone jina la mgombea wa kata yake na ajue anakaa mtaa gani.

Siku ya matokeo nitarudi kwenye uzi huu huu niwape hesabu ya jiji, kata kwa kata nitakazoweza. Aliye Durban mwenye taarifa za upande wa uMlazi na KwaMashu aniandikie hapa, mimi kule sifiki mara kwa mara.